Mama Anayenyonyesha na Dawa za Maradhi ya Akili

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya msingi huko Ibaba, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe. Yamechapwa hapa ili yasomwe katika mikutano ya vyama vyote wanachama.)



Mkaguzi wa ushirika anapofika kijijini, watu hutazamia maswali ya siku zote: leja iko wapi, mizani imepimwa lini, stakabadhi zinalingana na kahawa iliyopokelewa au hazilingani. Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo halionekani katika leja, lakini ambalo linaweza kumwondoa mwanachama katika daftari, kuvunja nyumba yake na kuhatarisha maisha ya mtoto wake. Jambo lenyewe ni mama anayenyonyesha ambaye ameandikiwa dawa za maradhi ya akili. Je, anyonyeshe au asinyonyeshe? Je, ameze dawa au aache?

Yafaa kuanza na mfano. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mkutano huu, na wala hakuna mtu wa Ibaba au wa kijiji jirani anayesimuliwa. Mwanachama kijana, mwenye hisa zake na shamba lake la kahawa, amejifungua mtoto wake wa kwanza. Siku ya tano usingizi unampotea. Siku ya saba anazungumza usiku kucha, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na anasema kwamba mtoto aliyelala kitandani si wake, amebadilishwa. Mumewe anampeleka hospitali. Analazwa, anapewa vidonge, na baada ya majuma matatu anarudi nyumbani ametulia, anamjua mtoto wake na anamnyonyesha.

Jioni hiyo hiyo majirani wanakuja kumjulia hali, na kila mmoja ana ushauri wake. Huyu anasema maziwa yenye dawa yatampumbaza mtoto. Yule anasema dawa za akili zikishaingia katika damu hazitoki tena. Hatimaye mama mkwe, ambaye hana nia mbaya hata kidogo, anamwita kando na kumwambia, "Mwanangu, chagua. Ama vidonge, ama mtoto." Naye anajibu, "Nimesikia, mama." Anamchagua mtoto. Vidonge anavifukia katika majivu ya jikoni, hamwambii mtu yeyote, na anaendelea kunyonyesha. Baada ya majuma machache usingizi unapotea tena.

Katika mfano huo hakuna mtu mbaya. Mama alimpenda mtoto wake, na mama mkwe alimwogopea mjukuu wake. Kosa lilikuwamo katika swali lenyewe, kwa sababu lilimlazimisha mama kuchagua mahali ambapo, kwa wanawake walio wengi, hakuna haja ya kuchagua. Hilo ndilo neno kuu la mazungumzo haya: mara nyingi mama anaweza kumeza dawa zake na kumnyonyesha mtoto wake, ilimradi tabibu anajua, dawa imechaguliwa vyema, na mtoto anaangaliwa.

UGONJWA WENYEWE

Maradhi ya akili yanayompata mwanamke baada ya kujifungua yako ya namna nyingi. Wako wanaopatwa na huzuni nzito na kukata tamaa. Wako waliokuwa wagonjwa tangu kabla ya mimba, na ambao ugonjwa wao huamka tena baada ya kuzaa. Na wako wachache wanaopatwa na ule ugonjwa mkali ambao watu huuita kichaa cha uzazi. Huu wa mwisho huanza ghafula, aghalabu katika majuma mawili ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hesabu za dunia huwapata wanawake 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua. Hapa nchini, uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2002 uliona hesabu ya takribani 3 katika kila 1,000. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanawake wenye umri mdogo waliozaa kwa mara ya kwanza, na wengi walikuwa pia na upungufu wa damu au maambukizi ya mwilini.

Habari hiyo ya Muhimbili ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mzazi anayeanza kupayuka asifungiwe ndani na kungojewa apoe. Huenda ana homa ya uzazi, malaria kali, upungufu wa damu au shinikizo la damu, na kila moja kati ya hayo huweza kuua. Ni ugonjwa wa dharura, sawa na kutokwa na damu nyingi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mpaka atakapofika asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto. La pili ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Mwanamke aliyeonekana amepotelewa kabisa na fahamu zake huweza, baada ya majuma au miezi ya matibabu, kurudi katika kazi zake, nyumba yake na chama chake.

Tiba hiyo haikuwapo zamani. Kabla ya miaka ya 1950 hospitali za wagonjwa wa akili duniani kote, pamoja na Mirembe ya Dodoma iliyoanzishwa wakati wa utawala wa Waingereza, zilikuwa na uwezo mdogo zaidi ya kuwaweka wagonjwa. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walianza kuwatibu wagonjwa kwa dawa ya klopromazini, na wakaona watu waliokuwa na fujo kubwa wakitulia na kuanza kuzungumza. Mwaka 1958 ikapatikana haloperido kule Ubelgiji. Baadaye zikaja nyingine, kama flufenazini ya sindano ambayo hukaa mwilini kwa majuma, na zile mpya zaidi: risperidoni, olanzapini na kuetiapini.

DAWA HUFIKAJE KATIKA MAZIWA

Maziwa hutengenezwa kutokana na damu ya mama. Kwa hiyo karibu kila dawa iliyomo katika damu hupenya kwa kiasi fulani na kuingia katika maziwa. Jambo hilo ni kweli, na wanaolisema kijijini hawasemi uongo. Lakini mtu wa ushirika hatosheki na kuambiwa kwamba kahawa imepungua. Huuliza imepungua kilo ngapi. Hapa pia hapana budi kuuliza kiasi.

Wataalamu hupima kiasi cha dawa anachopata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake, kisha hukilinganisha na kiasi anachomeza mama kwa kila kilo ya uzito wa mama. Kwa kawaida kiasi hicho kikiwa chini ya asilimia 10, dawa hutazamwa kuwa inaweza kukubalika kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya. Kwa olanzapini kiasi hicho ni kama asilimia 2 au chini ya hapo. Kwa kuetiapini ni chini ya asilimia 1.

Hesabu rahisi itaonyesha maana yake. Mama mwenye uzito wa kilo 60 anameza kidonge kimoja cha olanzapini cha miligramu 10 kwa siku. Mtoto wake ana kilo 4. Kwa asilimia 2, kile kinachomfikia mtoto kwa siku ni sawa na kukisaga kidonge hicho, kukigawa mafungu 750, na kumpa mtoto fungu moja. Huko ndiko kunakoitwa "kunyonya dawa". Si kitu cha kupuuza, kwa maana ubongo wa mtoto mchanga bado unakua. Lakini pia si kidonge kizima, kama hofu inavyowafanya watu wadhani.

Ni vyema kueleza kwa nini ushauri umekuwa ukitofautiana, hata mama mmoja akasikia hili kwa mkunga na lile kwa daktari. Vitabu vya tiba vya miaka ya nyuma vilipenda tahadhari kuliko kitu kingine, vikashauri kwamba ikiwezekana dawa hizi ziepukwe kabisa wakati wa kunyonyesha. Kadiri watoto wengi zaidi walivyofuatiliwa, ushauri umebadilika. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2014, kwa mfano, uliwaelekeza waganga wawatie moyo akina mama wenye maradhi ya akili wanyonyeshe, isipokuwa wale wanaotumia dawa chache zilizotajwa kwa majina.

DAWA ZINAZOHITAJI UANGALIFU

Dawa hizo chache yafaa zijulikane. Ya kwanza ni klozapini, ambayo hutolewa kwa wagonjwa walioshindwa kupona kwa dawa nyingine. Inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu na kuleta degedege, na mama anayeitumia hushauriwa asinyonyeshe. Ya pili ni lithiamu, ambayo hupenya kwa wingi katika maziwa na huweza kumdhuru mtoto, hasa akiharisha au akipungukiwa maji. Ya tatu ni kabamazepini. Hizi mbili za mwisho si za kundi moja na haloperido au olanzapini, lakini mara nyingine huandikwa pamoja nazo, na mama huziona zote kuwa "dawa za akili". Kadhalika mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayepewa sodiamu valproati hana budi kuzungumza na daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto angali tumboni.

Zile zilizobaki nazo zina tabia zake. Klopromazini na haloperido huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo, lakini mtoto anaweza kuwa msinziaji. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walieleza habari za watoto watatu ambao mama zao walitumia klopromazini na haloperido kwa pamoja huku wakinyonyesha, na maendeleo ya watoto hao yalionekana kurudi nyuma walipopimwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 12 na 18. Watoto watatu ni wachache mno kuwa ushahidi kamili. Hata hivyo onyo lake ni la busara: dawa moja, kwa kipimo kidogo kinachotosha, ni bora kuliko mchanganyiko wa dawa nyingi. Mama mwenye dawa mbili au tatu amwulize daktari kama zote bado zinahitajika.

Sindano za muda mrefu zina shida ya namna yake. Zinamsaidia mama asisahau dawa, lakini ikiwa zimemletea mtoto usingizi mwingi, haziwezi kuondolewa mwilini kwa siku moja. Dawa nyingine, kama aripiprazoli, huweza kupunguza maziwa. Ndivyo ilivyo pia kwa benzheksoli, ile dawa inayotolewa kuzuia kutetemeka na kukakamaa mwili. Mama akiona maziwa yamepungua asiseme amerogwa wala asifiche, aende akaeleze.

Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, au mwenye homa ya manjano, yuko katika hesabu nyingine. Ini na figo zake bado ni changa, na dawa hukawia kutoka mwilini mwake. Mama wa mtoto kama huyo afuate uamuzi wa daktari anayewajua wote wawili, wala asiongozwe na maneno ya jumla, yakiwamo haya.

KUMWANGALIA MTOTO

Hakuna karani wa mizani anayekadiria kahawa kwa macho akaandika. Hupima, huandika, na mwezi unaofuata hulinganisha. Mtoto wa mama anayetumia dawa naye ahesabiwe hivyo hivyo. Kadi ya kliniki ndiyo leja yake, na mshale wa uzito unaopanda katika kadi hiyo ni shahidi bora kuliko majirani kumi.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 au zaidi kwa usiku na mchana. Aghalabu hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha huurudia uzito wake wa kuzaliwa afikapo majuma mawili hivi. Basi mambo ya kuangalia ni haya. Je, mtoto analala mno hata haamki kunyonya? Je, ananyonya kwa ulegevu na kuachia ziwa upesi? Je, uzito umesimama? Je, viungo vyake vimekakamaa au vinatetemeka? Je, amekuwa mlegevu kama kitambaa, au analia kwa namna isiyo ya kawaida? Je, miezi inapita naye hatabasamu wala hakazi shingo? Ikiwa jibu la swali lolote ni ndiyo, mama na mtoto waende zahanati bila kungoja siku ya kliniki, na wamweleze mganga dawa zote ambazo mama anatumia. Mtoto asiyeamka kabisa, au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo jingine ni usingizi wa mama mwenyewe. Dawa nyingi za namna hii huleta usingizi mzito, hasa katika siku za mwanzo. Mama aliyelemewa na usingizi anaweza kumlalia mtoto bila kujua. Kwa hiyo usiku mtoto alazwe mahali pake, na mtu mzima mwingine wa nyumbani, awe baba, bibi au shangazi, awe karibu wa kumletea mama mtoto anyonye na kumpokea tena. Pombe isichanganywe na dawa hizi hata kidogo.

Tena, ikiwa mama amelazwa mbali na mtoto kwa siku chache, akamue maziwa kwa mkono mara kwa mara ili yasikauke. Wauguzi wataeleza kama maziwa hayo anaweza kupewa mtoto au yamwagwe. Mama asiyekamua hurudi nyumbani amepona, lakini matiti yamekauka.

GHARAMA YA KUCHAGUA VIBAYA

Wako watakaosema, "Basi kwa usalama zaidi, mtoto apewe maziwa ya kopo." Kwa mama anayetumia klozapini, au mgonjwa mno asiyeweza kunyonyesha, hiyo huweza kuwa ndiyo njia, na apatiwe msaada wa kuifuata vizuri bila kulaumiwa. Lakini isisemwe kwamba njia hiyo haina hatari. Maziwa ya kopo yanataka maji yaliyochemshwa, chombo safi, kuni za kutosha, na fedha kila juma. Fedha zikipungua, unga huongezwa maji, na mtoto hudhoofu tumbo likiwa limejaa. Ni kwa sababu ya maafa ya namna hiyo katika nchi maskini kwamba Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni za kuzuia biashara ya maziwa hayo isiwalaghai akina mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Wako na watakaosema, "Basi aache dawa mpaka mtoto aachishwe ziwa." Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Miezi ya kwanza baada ya kujifungua ndiyo miezi ambayo ugonjwa hurudi kwa urahisi, na dawa zikikatizwa ghafula hurudi kwa nguvu. Mama aliyerudiwa na ugonjwa huweza kusahau kula, kukimbia nyumbani usiku, kujidhuru, au kumdhuru mtoto ambaye kwa ajili yake aliziacha dawa. Fungu moja katika 750 linawekwa upande mmoja wa mizani, na hatari hiyo upande wa pili. Kila mwanachama anaweza kusoma mizani hiyo mwenyewe.

LAWAMA HAZITIBU

Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda na kuwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua katika kituo cha afya cha Kasangati karibu na Kampala. Aliwakuta Waganda wana jina la ugonjwa huu, amakiro, na mwaka 1979 aliandika habari zake. Watu waliuamini kuwa ni ugonjwa wa mwanamke aliyekosa uaminifu wakati wa mimba. Daktari huyo alirudi Uingereza, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa orodha ya maswali 10 ambayo hutumika leo katika nchi nyingi kuwatambua wazazi wenye huzuni nzito.

Habari ya amakiro ina jambo moja la kuwapendeza na moja la kuwasikitisha wasikilizaji. La kupendeza ni kwamba wazee wa Kiafrika waliutambua ugonjwa huu na kuupa jina bila kungoja kitabu. La kusikitisha ni ile lawama. Mwanamke anayejua kwamba akiugua ataitwa mzinzi hataeleza dalili zake mpaka zimfunue zenyewe. Katika milima ya Ileje pia haikosekani minong'ono ya uchawi, laana na mwiko uliovunjwa. Kila familia ina imani yake, na mkutano wa ushirika si mahali pa kuzihukumu imani za watu. Linaloombwa ni moja tu: mgonjwa asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula, na safari ya hospitali isingoje mambo mengine yamalizike.

WAJIBU WA CHAMA

Mwanachama anaweza kuuliza: haya yote ni kazi ya zahanati, chama kinaingiaje? Chama kinaingia katika mambo matano.

Kwanza, njia. Kutoka Ibaba hadi Itumba, na kutoka huko hadi Vwawa au Mbeya, ni safari ya milima, na wakati wa masika barabara huwa adui. Chama chenye mfuko wa kusaidiana kiwe na utaratibu unaojulikana mapema, ili nauli ya mzazi mgonjwa itolewe saa ileile bila kungoja kikao. Mikoba ya dawa nayo ina hesabu yake. Vidonge vikibaki vya siku 7, safari ya kuchukua vingine ianze.

Pili, siri. Katika leja iandikwe "msaada wa matibabu" na nambari ya mwanachama, basi. Ugonjwa wa mtu usiwe ajenda, wala usisomwe katika mkutano mkuu.

Tatu, kazi. Ugonjwa haungoji msimu wa kuchuma uishe. Kahawa ya mzazi aliyelazwa ikichumwa na wenzake kwa ujima siku moja au mbili, nyumba ile itakuwa na nauli, chakula na sabuni. Huo ndio ushirika wenyewe, tangu kabla haujaandikiwa sheria.

Nne, fedha zake. Hapa ukaguzi unahusika moja kwa moja. Haitakiwi ndugu wa mume au mtu mwingine yeyote afike ofisini na kudai malipo ya mwanachama kwa maneno ya "mwenyewe ni kichaa". Malipo yaingie katika akaunti yake au mkononi mwake, au kwa mtu aliyemwandika yeye mwenyewe akiwa na utulivu wake. Karani anayelipa kinyume cha hapo ana hoja ya ukaguzi ya kujibu. Na mkopo wake, ikiwa upo, upangiwe muda mpya kama unavyopangwa kwa mtu aliyevunjika mguu.

Tano, heshima. Jina la mwanachama lisifutwe, wala nafasi yake katika Bodi isigawiwe, kwa sababu alionekana akipayuka juma moja la maisha yake. Mwanachama anayemeza dawa zake kila siku na kutimiza kazi zake ana akili timamu kuliko mlevi anayetia saini stakabadhi asizozisoma.

Ingefaa pia kila chama kimwalike muuguzi wa zahanati walau mara moja kwa mwaka, azungumze na wanachama, wanaume wakiwamo, kuhusu dalili za hatari kwa mzazi na mtoto. Na mwanamke mwenye ugonjwa wa muda mrefu anayetarajia kupata mimba, au aliyewahi kuugua baada ya kuzaa, aende kwa daktari mapema ili mpango wa dawa na wa kunyonyesha uwekwe kabla ya uchungu kuanza. Aliyeugua mara moja yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake ya kuugua tena katika uzazi unaofuata, na jambo linalotazamiwa huzuilika kwa urahisi zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, irudiwe ile jioni ya mfano. Majirani wamekaa, uji umeletwa, na kila mmoja anatoa ushauri. Mama mkwe anamwita mkwewe kando. Safari hii amewahi kuketi katika mkutano kama huu. Anamwambia, "Mwanangu, daktari anajua kwamba unanyonyesha?" Naye anajibu, "Anajua, mama. Alisema nimeze usiku, na mtoto apimwe kila juma." Mama mkwe anasema, "Basi meza, nami nitalala hapa na mjukuu wangu. Jumatatu twende wote kwenye mizani."

Maneno hayo machache yanaweza kuokoa watu wawili. Kila mjumbe aliyeyasikia leo ayafikishe katika chama chake, na kila mwanachama ayafikishe nyumbani kwake.